Bunduki ya Baba Mkubwa

Kosa langu la mwanzo, mdogo wangu, lilikuwa kuijua bunduki kuliko mtu aliyeibeba.

Nakumbuka Jumamosi tulipoondoa matanga ya baba mkubwa, nyumbani kwake mtaa wa Kinanira. Vinywaji vimegawiwa, na desturi yetu inataka mtu asimame aeleze marehemu alikuwa nani. Mjane wake, Mama Goreti, alinichagua mimi. "Wajukuu walimuona amenyamaza tu," aliniambia. "Wajulishe."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, naogopa kukosea hata nukta. Historia nimejifundisha mwenyewe kwa simu, na huiandika kidogo. Baba mkubwa alikuwa askari zamani, akabeba bunduki iitwayo Vigneron, basi nikaisoma wiki nzima. Nikasimama, nikaeleza: ni rashasha ya Kibelgiji, ililetwa huku na wakoloni, kitako cha waya, mtutu mrefu kuliko wa wenzake, risasi thelathini na mbili, na nyuma ya mshikio kuna kipande cha usalama. Usipokibana kwa kiganja, hailii. Nilijiona nimepatia.

Mzee Ramazani, fundi magari wa mtaa wa Nyakabiga, rafiki wa marehemu, akaweka Fanta yake chini.

"We mutoto! Ni bunduki ndiyo imekufa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tumevaa vizuri hivi, tumekuja kulilia chuma? Apana! Kaa chini!"

Mama Goreti akasimama kwa hasira. "Hicho kipande unachosifu, kiganja chake ndicho kilikibana. Tangu aache jeshi, mkono ule wa kuume haukubeba mtoto. Watoto wetu wote aliwabeba kwa kushoto. Hiyo umeisoma wapi?"

Mjukuu mkubwa akaanza kulia. Siku zote alidhani babu alikuwa na mkono mgonjwa.

Hadi leo nina hasira, na nafsi yangu kwanza, kisha na kurasa zile nilizosoma kwenye simu. Zinajua uzito wa springi, lakini nchi yetu na askari wake zinawaita tu "watumiaji". Watumiaji! Kana kwamba ni sabuni. Aliyesimama mbele ya mtutu hana hata mstari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliupima ule wa baba mkubwa kwa gramu, na bado nikauona mwepesi.

Mdogo wangu, ukitaka kueleza silaha, anza na kiganja. Uliza nani aliishika, na ilimwelekea nani. Usipojua, waulize wazee wangalipo. Mungu akujalie mikono miwili ya kubebea wanao.

Mimi siku hizi siandiki habari ya bunduki kabla sijamsikiliza aliyeibeba.