Niliposomea Miguu ya Watu

Siku moja ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani kule ughaibuni, haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilijiona mtu mzima wakati ule, kumbe akili ilikuwa bado changa.

Nilikuwa nesi katika nyumba ya wazee kule Fridley. Mama yangu, aliyeishi kwa dada yangu Nyaboke huko Woodbury, alikuwa na kisukari, na nyayo zake zilishaanza kufa ganzi. Kwa ajili yake niliacha unesi, nikaenda jimbo jingine kusomea udaktari wa miguu. Kanisani walicheka: nesi mzima anakwenda kusomea vidole! Mama hakucheka. Alinishika kichwa akaniombea.

Mwaka wa pili nikarudi kwa sikukuu hiyo. Mama akanipokea mlangoni, soksi nzito miguuni, akichechemea kidogo.

"Mama, hebu nione miguu."

"Kula kwanza, baba. Ni baridi tu."

Nikala. Wageni wakaja, wakaniita daktari, nami nikawaeleza mifupa ya unyayo mpaka chai ikapoa. Sikuuliza tena. Jumapili nikaondoka.

Kabla theluji haijayeyuka, Nyaboke akanipigia simu akilia. Kidonda alichokuwa akikificha ndani ya soksi kilikuwa kimeoza. Mama alikuwa amekatwa mguu chini ya goti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alificha kwa ajili yangu.

"Ungeona, ungeacha shule," aliniambia hospitalini, akinipapasa mkono kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Mjomba Ogeto, aliyekuwa miongoni mwa wageni wa sikukuu ile, alinivuta nje, kwenye korido. Hakupaza sauti. "Uliuliza mara moja," akasema, "tena kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe."

Nikarudi ndani, nikaketi kando ya kitanda cha Mama.

Nilimaliza shule. Siku ya mahafali Mama alikuja kwa kiti cha magurudumu, akapiga vigelegele kuliko wote. Alinisamehe kabla sijaomba. Mimi ndiye ambaye sijaweza kujisamehe, na sasa ameshatangulia. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Huja baadaye, na haondoki.

Ukiitwa na elimu, nenda, hata ukichekwa. Kwenda sijutii. Ila wako akikuambia "si kitu", usishukuru upesi ukakimbilia sahani. Keti naye. Uliza tena. Piga magoti uangalie mwenyewe, maana wanaotupenda ndio hodari wa kutuficha maumivu yao.

Mungu akujalie jicho la kuona yaliyofichwa kwa upendo, akufikishe kwa wako ungali na wakati. Amina.