Nambari Nne Ubaoni

Jumatano ya kwanza ya Desemba, kabla ya chai ya saa nne, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa kitandani tangu Septemba kwa ugonjwa wa ini. Kitu alichoniomba kuliko dawa ni kuletewa Meza ya Bwana, mkate na divai, nyumbani, kwa sababu hakuweza tena kufika kanisani. Aliniomba mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza kama nimemwambia kasisi, nikasema nimemwambia. Sikuwa nimemwambia.

Parishi yetu iko upande wa Butere. Ina makanisa matano, kasisi mmoja na pikipiki moja. Kila Januari baraza huketi, kasisi anaandika ubaoni mambo yote tunayoyataka, halafu tunainua mikono kuchagua matatu. Hayo ndiyo kazi ya mwaka. La nne na yanayofuata huwa tunasema tutayaombea. Januari ya mwaka jana, moja ya mambo yaliyoandikwa lilikuwa kuwapelekea wagonjwa Meza nyumbani kila Alhamisi. Lilikuwa linashindana na dari ya kanisa. Mimi ndiye kiongozi wa akina mama, na mikono yao hufuata wangu. Nilisimama nikasema, "Wagonjwa tunaweza kuwaombea tukiwa hapa hapa. Dari haitajipigilia yenyewe."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Wagonjwa wakawa nambari nne.

Dari hiyo aliipigilia mume wangu. Alikuwa seremala, na wakati huo alikuwa mzima. Kila ninapopiga magoti kanisani na kuinua macho naona mistari ya mbao zake, imenyooka.

Alipougua niliona haya. Ningemwendea kasisi na uso gani, kuomba kwangu kitu nilichowanyima wengine? Kasisi hakujua mgonjwa wangu anataka nini, na mimi nilinyamaza. Niliandika jina lake kwenye orodha ya wagonjwa, na likasomwa kila Jumapili. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia, "Leo umeombewa." Mwanzoni aliitikia. Baadaye aligeukia ukuta.

Siku ya mazishi kanisa lilikuja lote. Makasisi wanne waliovaa kanzu nyeupe, watatu wao wa parishi za jirani, kwaya mbili, na mabenchi ya kanisa yakabebwa mabegani hadi kwangu, hata wasiotujua wakapata pa kukaa. Mtu wetu akifa hatukosi.

Jumapili ya kwanza ya Januari mzee wa kanisa alisimama kusoma orodha ya wagonjwa. Jina la tatu lilikuwa la mume wangu. Aliomba Mungu amwinue kitandani, na watu wote wakaitikia. Mimi pia niliitikia, mdomo ulikuwa umezoea. Baada ya ibada mzee huyo alinifuata, kofia mkononi, akasema nimsamehe, yeye alisoma tu kilichoandikwa. Nikamwambia mwandishi ni mimi. Jumamosi iliyotangulia nilinakili karatasi ya zamani, na nilipofika kwenye jina hilo sikuliruka.

Baraza liliketi Jumamosi iliyofuata. Ubaoni kulikuwa na lango jipya, rangi ya kanisa, semina ya vijana, na wagonjwa. Askofu anatarajiwa mwaka huu kwa kipaimara, na lango letu limelala upande mmoja. Nilisimama. Sijasoma sana na sijui kupanga hotuba, kwa hiyo nilisema yaliyokuwepo.

"Mwaka jana nilisema tuwaombee wakiwa huko. Mume wangu tulimwombea kila Jumapili, na amekufa akingoja Meza. Aliyemfungia mlango ni mimi."

Kasisi aliweka chaki chini. Kisha mzee wa kanisa akasema kwa upole kwamba wako nami katika msiba. "Lakini, mama, Askofu atapita wapi? Aruke ua?"

Wawili walianza kucheka wakajizuia. Tukapiga kura. Niliinua mkono, na baadhi ya akina mama wakainua yao. Haikutosha. Wagonjwa wakawa nambari nne tena.

Nilikuwa nje nikiosha vikombe vya chai kasisi aliponijia. Aliniuliza, kwenye ile orodha, mwenye hali mbaya zaidi ni nani. Nilimtajia bibi mmoja wa ng'ambo ya mto ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya. Hajainuka tangu mavuno.

"Twende sasa," kasisi akasema.

Tulifika kwake jua likiwa bado kali. Kasisi alivaa kanzu yake langoni. Jirani aliyekuwa akilima shamba lake aliona kanzu nyeupe siku ya Jumamosi, akaniona mimi nyuma yake na kitambaa cheusi kichwani. Alitupa jembe, akaweka mikono kichwani na kuanza kupiga nduru. Boma la pili wakaitikia. Tukiwa bado uani, wanaume wawili walikuwa tayari wanavuka ua na viti.

Ndani, Kukhu aliinua kichwa. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Kukhu. Tumekuletea Meza," nikasema.

"Mimi? Nikiwa hai?"

Kasisi alitandika kitambaa juu ya kigoda na kuanza sala. Kukhu alitoa viganja viwili, cha kulia juu ya cha kushoto. Kilio cha nje kilikuwa kikimzidi kasisi sauti, akasimama kidogo, akaendelea.

Kukhu alipokwisha kumeza nilitoka kuwaambia watu kwamba hakuna aliyekufa. Yule jirani aliendelea kulia kidogo, kisha akajifuta kwa leso na kuuliza kama viti virudishwe.

Nikamwambia virudishwe.