Siku Nilipohamisha Jengo Zima

Nilizima anwani za zamani za intaneti za jengo zima, nikiwa na msuli kiunoni, kisha nikajipongeza kwa chai. Hakuna aliyenituma.

Hapa Kariakoo tunachangia waifai moja, na ruta inakaa chumbani kwangu kwa sababu moja tu: mimi huwa nipo. Nilisoma kwenye simu kwamba kila kifaa mtandaoni kina anwani ya namba, kwamba za zamani zimejaa kama viwanja vya Ilala, na dunia inahamia zile mpya, ndefu kama risala. Inahama miaka nenda rudi, kitanda huku, godoro kule. Nikaona sisi tuhame leo. Kidato cha nne nilipenya kwa shida, lakini kitufe cha kuzima nilikiona.

Video zangu zikaendelea kufunguka. Siku tatu nikajilaza, nikitazama watu wakipika pilau.

Juu yangu anakaa mama mwenye duka la masufuria. Mguu wake uko kwenye plasta, kwa hiyo dukani amemwacha mdogo wake, na yeye mwenyewe analichunga kutoka huku juu, kwa kamera kupitia simu. Kamera ya bei poa, inajua anwani za zamani tu. Siku ya kwanza alinipigia.

"Waifai ipo?"

"Ipo mama, mbona kwangu inateleza."

Basi akaamini kamera imeng'olewa. Mdogo wake kila akipigiwa anajibu, "Kila kitu poa, dada," na hilo ndilo lililomtisha. Siku ya tatu akashuka ngazi kwa makalio, moja moja. Nilimsikia akipita mlangoni. Nikaongeza sauti ya pilau.

Aliporudi alibisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Saa sita mchana duka lina kufuli, na mdogo wangu hapokei simu. Waifai umeifanyaje?"

Nikamweleza. Nikarudisha za zamani, zikae pamoja na zile mpya, kazi ya dakika moja. Picha ikaja kwenye simu yake: masufuria ya kijivu gizani, rafu mbili tupu. Nilitazama nikingoja nijisikie vibaya. Sikujisikia chochote.

Akatazama kitanda changu, kikombe, pilau bado inachemka kwenye kioo.

"Wewe hutoki nje, ndiyo maana unadhani dunia imeshahama."