Pale Juu ya Silinda

Mkaguzi wa silaha husalimia chuma kabla ya watu. Edina, aliyetoka mtaa wa Gungu kuja kituo cha polisi kusalimisha rivolva ya marehemu mumewe, alimwona akivua saa yake isije ikaikwaruza, akafungua silinda inayobeba risasi, akahakikisha ni tupu, ndipo akasema, “Shikamoo, mama.” Vidole vyake vilinuka mafuta ya cherehani, na vilipapasa polepole kama vya mtu anayechambua mchele. Ubavuni mwa rivolva, rangi nyeusi ilikuwa imefutika, chuma kinang'aa. “Hapa pamesuguliwa na mkoba wa ngozi wa kiunoni,” alisema. “Mzee aliivaa sana.” Kisha akamulika tochi juu ya silinda, pale mtutu unapoanzia, ambapo moto wa risasi nyingi huchimba mfereji. Palikuwa laini. “Lakini haijapigwa sana.”

Edina akashusha pumzi. Miaka kumi mtaa mzima ulinong'ona kwamba mumewe aliua mtu. “Kwa hiyo haijapigwa hata mara moja?”

Mkaguzi akazima tochi. Akaifuta rivolva taratibu, hata pasipo na vumbi, kisha akamsogezea kiti chake mwenyewe.

“Risasi moja haiachi alama, mama.”