Kutazama Mpunga Siku ya Usaili

Msimu ule nilishinda juu ya dungu toka alfajiri mpaka jua linazama, naamia mpunga wetu ndege wasiule, kule Sapiwi. Kwelea kwelea hawana adabu. Ukigeuka kupiga mwayo tu, kundi limeshatua na masuke yamebaki makapi. Kwa kawaida mama alinipokea zamu, ila alijikata mguu na jembe, akawa wa kulala ndani. Nikabaki mimi, kombeo, makopo ya kugonga, na simu yenye masomo ya Kiingereza.

Nilitaka kuongoza watalii Serengeti. Usicheke. Nilishajiona kabisa, kofia kichwani, naonyesha simba kwa kidole. Mwalimu mmoja pale Bariadi alikuwa anachagua vijana wa kufundishwa kazi hiyo, na usaili ulikuwa Alhamisi. Mama sikumwambia siku yenyewe.

Alhamisi ikafika, na mimi niko juu ya dungu. Somo la asubuhi lilikuwa look na watch. Simu ikasema look ni kuelekeza macho kwenye kitu, basi. Watch ni kukikazia macho kwa muda, kwa sababu kinatembea au kinaweza kubadilika. Picha ukutani, look. Mpira, watch. Mimi nikaongeza mfano wa kwangu: mtoto anayecheza karibu na kisima, watch. Huyo huwezi kumwacha ukaenda zako.

Shangazi, anayelima shamba la pembeni, akapaza sauti: "Wewe mzungu! Ndege hao!"

Nikazungusha kombeo. "Nimewaona, shangazi!"

"Umewaona, na wao wamekula!"

Mara rafiki yangu akasimamisha bodaboda barabarani, akanisalimu Kisukuma. "Mwangaluka! Shuka twende, wanaanza saa nne!"

Nikageukia shamba la pembeni. "Shangazi, utaniangalizia mpaka mchana?"

Akatazama mpunga wangu, akatazama wake. "Mwanangu, ningekuwa na macho manne, ungeshaondoka."

Kundi jingine likatokea upande wa mto, jeusi kama moshi. Nikampungia rafiki yangu mkono aende. Vumbi la pikipiki nililiangalia mara moja tu, kisha nikagonga makopo kwa nguvu mpaka shangazi akacheka.

Jioni mama aliniuliza, mguu wake juu ya mto wa kulalia, leo kulikuwa na nini shambani.

"Ndege tu, mama," nikamwambia, nikampelekea uji.