Wimbo wa Nyar Muhuru Una Mwenyewe

Siku inayonirudia kila nikikaa kuandika ni Jumamosi ile niliyoshuka Kisegi, kando ya ziwa, na bahasha ya kaki kifuani, nimeikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa akina mama wa soko la Oyugis bado wananiita msichana, na wana haki. Umri wa kutoa nasaha sijaufikia. Lakini wiki iliyopita, baada ya kikao chetu cha kusoma pale nyuma ya kanisa, uliniwekea hadithi yako mezani ukaondoka mbiombio, na juu yake hapakuwa na jina. Rafiki yako ndiye aliyenieleza sababu: kama ni mbaya, nisijue ni yako. Nimeisoma. Nitakuambia nilivyoiona, ila kwanza nisikilize habari za Nyar Muhuru.

Mimi nilijifunza kuandika peke yangu. Baada ya kidato cha nne hapakuwa na namna ya kuendelea, kwa hiyo nikasoma chochote kilichopita mbele yangu, vitabu vya kabati la kanisa na hata magazeti yaliyofungiwa mandazi. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kunisahihisha, nilijisahihisha mwenyewe, na sikujionea huruma. Ukurasa ukiwa na neno moja lililofutwa niliuchana nikaanza upya. Niliogopa kosa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Nikisema niliogopa, usidhani nimepona. Hata barua hii nimeianza mara kadhaa.

Wakati huo akina mama wa kanisa letu walitaka kijitabu cha nyimbo za maombolezo zilizotungwa na wanawake wa pande hizi za ziwa, ili wasichana mashuleni wajue kwamba mama zao na nyanya zao walikuwa watunzi. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu nilikuwa na simu ya kurekodia na mwandiko mzuri. Unajua jinsi kwetu mtu akifa wanawake huja wakilia kwa wimbo tangu njiani. Wengi tunalia tu. Lakini kila mahali kuna mmoja au wawili ambao kilio chao ni utunzi. Akifika langoni anasimama, anayapanga maisha ya marehemu kwa maneno, ukarimu wake na uchoyo wake, waliomcheka na waliomficha, na yote hayo anayatunga papo hapo machozi yakimtiririka.

Nyar Muhuru, ambaye sote tulimwita Dani, yaani nyanya, alikuwa mmoja wa hao. Alizaliwa Muhuru Bay, kule Migori karibu na mpaka wa Tanzania, akaolewa Kisegi, na kama ilivyo kwetu akaitwa kwa jina la alikotoka: binti wa Muhuru. Wimbo wake mkuu alimwimbia mke mwenzake, ambaye waligombana ujana wote kisha wakazeeka wakisukana nywele. Mwaka huo koo lilikuwa limemshika, na hospitali walikuwa wamemwambia asitegemee sauti yake kurudi. Aliniomba jambo moja tu, kwamba wimbo ule usomwe mbele ya watu yeye akiwa hai, na ijulikane ni wake.

Nami nilikuwa namchelewesha. Mchapishaji wa Homa Bay mjini nilikuwa nimemwahirisha zaidi ya mara moja, kila mara nikitafuta neno bora. Sasa alikuwa amesema nilete Jumatatu, la sivyo kijitabu kingengoja mpaka amalize kazi za shule, na hakuna aliyejua koo la Nyar Muhuru lingekuwaje wakati huo. Ndiyo maana Jumamosi hiyo nilikwenda kumsomea nakala yangu safi. Nilitaka anisifu, sina haja ya kukuficha.

Nilimkuta akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mteja wake Mama Robi, Mkuria anayenunua omena Kisegi na Muhuru na kuuza Migori. Kwa sababu Mama Robi hajui Kijaluo, tuliongea Kiswahili. Nikasoma wimbo wote, polepole, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

"Ni mzuri," Mama Robi akasema. "Ni wa nani?"

Nikamsomea nilichoandika juu ya ukurasa, wimbo wa jadi.

"Jadi?" Akamgeukia mwenyeji wetu. "Dani, huyu Jadi ni wa ukoo gani? Mbona mimi sijawahi kumwona kwa matanga?"

"Hata mimi simjui," Nyar Muhuru akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza. "Pengine ameoa huko Oyugis."

Wakacheka mpaka Dani akakohoa. Mimi nikacheka kidogo, kwa adabu. Kisha akaniambia nirudie pale katikati, baada ya maneno kwamba jiko la mwenzangu limepoa. Nikarudia.

"Mimi siko hapo," akasema. "Nilipofika hapo niliimba kwamba ni mimi, nyar Muhuru, ninayelia, binti wa yule mwenye mtumbwi wa kuvuja. Umenipeleka wapi?"

Nikamweleza. Mstari ule ulikuwa unaurudisha wimbo nyuma kila ulipoanza kwenda. Tena aliurudia mara nyingi. Tena vitabuni nilikosoma, nyimbo kama hizi huandikwa hivyo, bila mtu. "Nilitaka uwe safi, Dani."

"Safi."

"Ndiyo, Dani."

Mama Robi akachukua omena kidogo kwenye kiganja, akazipuliza. "Mimi nikinunua hizi natoa mchanga. Samaki simtoi."

"Mwache," Dani akasema, lakini hakuwa amemaliza. Aliacha nyavu akaja kukaa karibu nami, maana kusema kwa mbali kulimchosha. "Nyakwara, mjukuu wangu, siku ile niliimba kwamba bwana wetu alimnyima mwenzangu ng'ombe wake. Niliimba shemeji zangu wamesimama hapo, na fimbo wanazo. Wewe ungeimba hayo ukiwa nyuma ya nani? Nilitaja jina langu ili mwenye ugomvi ajue aje kwa nyumba gani. Nikitaja, hayo maneno yana mtu. Ukinitoa, yanakuwa porojo tu, mtu yeyote anaweza kusema ni uongo."

"Walikuja?" Mama Robi akauliza.

"Nani?"

"Hao shemeji."

"Walikuja. Niliwapa chai, nikawaimbia tena."

Mama Robi akapiga paja lake. Mimi nilikuwa natazama karatasi zangu. Nilidhani karipio limekwisha, na laiti lingekwisha hapo. Dani akachukua bahasha akaigeuza huku na huku, akaniuliza niliandika nini kwenye jalada. Nikamwambia: nyimbo za wanawake wa ziwa, zimekusanywa Oyugis.

"Zimekusanywa na Oyugis? Na soko lote?"

Nikaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Jina lako liko wapi?"

Mwanangu, hapo ndipo niliposhikwa. Sikuwa nimeliacha jina langu kwa unyenyekevu, ingawa ndivyo nilivyokuwa nawaambia akina mama wa kanisa. Niliogopa. Nilijua mahali fulani katika kurasa zile pana kosa ambalo sijaliona, na nilitaka siku mtu mwenye shahada atakapoliona asijue wa kumcheka. Nilikuwa nimezoea kujifuta. Na mkono uliozoea kujifuta wenyewe hauoni shida kufuta wengine. Mtunzi wa Karungu nilikuwa nimemfuta, yule wa Oyugis aliyemwimbia mwanawe pia, wote, na nikauita woga wangu usafi.

Nikamwambia ukweli huo, nikaongeza kwamba nitakwenda nyumbani niandike upya, vizuri, ila sidhani nitawahi Jumatatu.

Akanirudishia bahasha. "Mimi sina muda wa kungojea wewe ukamilike," akasema. "Toa hiyo simu."

Tukakaa pale mchana wote. Nilicheza rekodi moja baada ya nyingine, nasi tukasikiliza zile sehemu nilizokuwa nimezikata. Majina yalikuwemo. Karibu kila mwanamke alikuwa amejitaja katikati ya kilio chake, binti wa mahali fulani, mama wa fulani, na mimi nilikuwa nimeyasikia yote nikayaona takataka. Ambapo jina halikusikika, Mama Robi alipiga simu. "Wewe, yule aliimbia mwalimu mkuu wa hapo Muhuru ni nani? Hapana, si huyo mnene. Yule alianguka kwa mfereji akaendelea kuimba." Akanipa jina na ukoo, nami nikaandika kwa kalamu, pembeni, juu, katikati ya mistari, popote palipokuwa na nafasi. Kurasa zangu nzuri zikawa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe.

Wimbo mmoja tu, niliourekodi matangani kule Muhuru, ulikosa mwenyewe. Mama Robi aliuliza huku na kule bila kupata. Nilikuwa nimeanza kuandika lile neno langu la mwanzo, jadi, nikahisi mkono wa Dani juu ya wangu.

"Andika kwamba alikuwako."

Kwa hiyo ukikifungua kijitabu kile utakuta maneno haya: Mtunzi wa wimbo huu ni mwanamke wa Muhuru. Tunalitafuta jina lake.

Jumatatu nikampelekea mchapishaji karatasi zile zile. Alizigeuza akauliza kama kweli ndizo za mwisho. Nikasema ndizo. Kabla hajaondoka nazo nikamwomba kalamu, nikaandika jina langu kwenye jalada nikiwa nimesimama pale mezani kwake. Mwandiko wangu mzuri ulikuwa umeniponyoka, herufi zote zimelala upande.

Kijitabu kilitoka na makosa. Kuna ukurasa una mstari uliochapwa mara mbili. Naujua ulipo, na bado unaniuma nikiupita. Nyar Muhuru hakuwahi kuuliza habari zake.

Akina mama walikutana Kisegi kukizindua, ndani ya kanisa. Kufikia siku hiyo sauti ya Dani ilikuwa imebaki mnong'ono. Aliketi mbele, kitambaa kipya kichwani, akanifanyia ishara nisome. Nikasoma. Nilipofika baada ya jiko lililopoa, pale mahali nilipokuwa nimekata, nilinyamaza kwa sababu niliona hapakuwa mahali pangu pa kusema. Akasimama kwa kushikilia benchi. Watu walilazimika kutulia kabisa ili wamsikie, watoto wakanyamazishwa, akausema mstari ule mwenyewe, polepole: ni mimi, nyar Muhuru, ninayelia, binti wa yule mwenye mtumbwi wa kuvuja.

Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mama Robi. "Huyo sasa si Jadi."

Baada ya siku ile nilianza kusoma kwa jicho jingine. Nilijiuliza ni akina nani hasa waliotunga zile hadithi za sungura na zimwi tulizofundishwa shuleni kama hadithi za kale tu, wakati kila mtu hapa anajua zilisimuliwa katika nyumba za akina nyanya, kwa wasichana waliolala humo. Nilisoma kwamba kule pwani wanawake walitunga tenzi za kuwausia binti zao, na zipo zilizodumu huku watunzi wake wakisahaulika. Nilisoma kwamba katika nchi za mbali wapo wanawake waliotia majina ya wanaume juu ya vitabu vyao ili visomwe. Fasihi tuliyorithi imejaa kazi ya wanawake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekatwa kichwa. Waliokata hawakuwa wote na nia mbaya. Wengine walikuwa kama mimi, watu wa mwandiko mzuri.

Sasa turudi kwa hadithi yako. Mwanzo ni mrefu. Yule baba anasema maneno ambayo hakuna baba wa hapa kwetu Kasipul angeyasema. Lakini pale mama anaporudi kutoka sokoni akakaa kwenye mawe ya jiko bila kuwasha moto, niliweka karatasi chini nikatoka nje nikasimama kidogo. Mtu aliyeandika hapo yuko, na mimi nataka kumjua.

Nasaha yangu ni hii. Andika jina lako juu ya kazi yako kabla kazi haijakamilika, maana haitakamilika, na wanaokungoja hawana muda wote huo. Ikiwa ni mbaya, simama karibu nayo ikiwa mbaya, mwenye ugomvi ajue nyumba ya kuja, umpe chai, umwimbie tena. Na ukichukua maneno ya mwanamke mwingine, ya mama yako, ya jirani, ya aliyekufa, uliza ni nani kabla hujauliza kama yamenyooka. Usipompata, andika kwamba alikuwako.

Nimekuachia nafasi juu ya ukurasa wako wa kwanza. Jumamosi njoo na kalamu.

Mungu aliyewapa wanawake wa ziwa hili maneno katika siku zao ngumu akupe yako mapema. Akupe masikio ya kuwasikia waliokutangulia na uso wa kusimama mbele ya watakaokusoma. Mkono wako ukitetemeka, asiutulize kwanza. Aufanye uandike hivyo hivyo, jina lako lote, herufi zikilala upande unaotaka zilale.