Malimbuko ya Kigego

Nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kuonja mahindi mapya mpaka kila mtu nyumbani awe ameshakula. Mama alichoma, akagawa, nami nikakaa mkono shavuni nikiwatazama wenzangu wakitafuna. Aliyeuliza aliambiwa tumbo langu haliwezi mahindi mabichi. Nililiamini hilo tumbo miaka mingi, na nililichukia, maana pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, baada ya miezi ya unga wa msaada, hakuna kilichonukia kama hindi lililo juu ya makaa.

Nilipotimiza miaka kumi nilimsumbua mama kwa maswali mpaka akachoka. Tulikuwa kwenye kishamba tulichopewa tulipofika kutoka Kivu ya Kusini, mdogo wangu Amani akiwa amelala mgongoni mwake, hajatimiza hata mwaka. Mama alitazama kwanza huku na huku, ingawa hapakuwa na mtu ila mbuzi wa jirani.

"Meno yako ya yulu njo yalitangulia kutoka," akasema. "Ya chini yakafuata. Unajua mutoto wa vile banamwita nani?"

Nilijua. Kigego. Kwetu wazee walisema kigego akitangulia kuonja mavuno mapya, mtu mmoja wa nyumba ile hamalizi msimu. Nyanya yangu, mama yake baba, alitaka nitupwe. Mama alikataa, akanibana kifuani akisema atakayemgusa mtoto wake amguse na yeye. Baba naye alijua, lakini alirudi Kongo kuwatafuta ndugu zake kabla Amani hajazaliwa na hatukumwona tena. Siri ikabaki kwa mama peke yake, kambini ambako hakuna aliyetujua tangu zamani.

"Usimwambie mutu," alisema. "Hata mukubwa wa kanisa."

Ningependa kusema nililia. Ukweli ni kwamba kwanza nilijiona mtu muhimu kidogo. Hofu ilikuja baadaye, jioni, nilipomtazama Amani akinyonya.

Na msimu ule ule nikala. Sina cha kujitetea. Mama alikuwa kwenye foleni ya chakula, nami nimeachwa shambani kufukuza ndege. Nilivunja hindi moja changa, nikalila bichi, maziwa yake yakinitiririka kidevuni, kisha nikalifukia gunzi kama mwizi anayefukia alichoiba. Siku ya tatu Amani akawaka homa. Siku ya nne degedege likamshika, na kituo cha afya kikawapeleka yeye na mama Mbarara kwa gari la wagonjwa. Mimi nikaachwa kwa majirani. Malaria ilikuwa ikiwachukua watoto kila upande wa kambi, nami niliwajua waliokufa kwa majina, lakini hao hawakunihusu. Wa kwetu, nilijua anayemuua ni mimi.

Nilimwendea Mama Eliza, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Nilimpenda mwanamke yule. Alituimbisha, alitukata kucha, na alituambia Yesu hamfukuzi mtoto. Nikamweleza yote, meno na hindi na gunzi, tukiwa wawili tu kwenye benchi la kwaya. Alinikumbatia, akalia, akaomba mpaka sauti ikamkauka.

"Hii neno inabakia katikati yetu na Mungu," aliniambia.

Ilibaki siku nne. Jumapili, wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, Mama Eliza alisimama na kitambaa chake mkononi. "Bandugu, tumuombee mutoto Mapendo," akasema. "Ni kigego. Alikula mahindi mapya, na sasa mudogo wake ni mugonjwa sana kule Mbarara." Machozi yalimtoka, na naamini yalikuwa machozi ya kweli, jambo ambalo limenichosha kuliko kama yangekuwa ya uongo. Kikulacho ki nguoni mwako. Wasichana niliokaa nao benchi moja walisogea taratibu, kwa adabu, kama watu wanaompisha mgeni, ila hakuna mgeni aliyekuja kukaa.

Amani hakufa. Baada ya wiki mbili mama alirudi naye, amekonda lakini analilia chakula kwa nguvu zake zote, nami nilikimbia kuwapokea nikidhani mambo yamekwisha. Alasiri ile walikuja wanawake watano wa maombi, Mama Eliza akiwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia lililogawa nyumba yetu.

"Mama Mapendo, ulijua?" mmoja aliuliza.

Nilisubiri mama aseme yale aliyomwambia nyanya. Nilisubiri kwa raha kabisa, nikiwa na uhakika kama mtu anayengoja chakula chake.

"Mimi sikujua," mama alisema. "Alilelewa na bibi yake. Labda balinificha."

Nimesalitiwa na watu wengine baada ya hapo, ndiyo maisha. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Hata leo nikiona pazia la kitenge nyumbani kwa mtu, nachagua kukaa nje.

Wiki iliyofuata alifunga nguo zangu. Kule hospitali alikuwa amefahamiana na mama mmoja mzee, Munyankore wa Ruti, kitongoji cha Mbarara, aliyekuwa akiwaletea wagonjwa uji na ambaye alitaka msichana wa kumsaidia nyumbani. "Utasoma Mbarara," mama aliniambia. "Nitakuja kukuchukua Noeli." Hakuniuliza kama kweli nilikula. Hakuniuliza kitu chochote. Noeli ilifika, ikapita, na ya pili nayo ikapita. Alikuja mara moja tu, peke yake. Nilipouliza kwa nini hakumleta Amani, alijibu kwamba barabara ina vumbi.

Yule mzee nilimwita Kaaka, yaani bibi. Alikuwa mjane mwenye nyumba mlimani, juu ya barabara ya Kabale, na alizungumza kutwa nzima, na kuku, na sufuria, na mimi nikiwepo. Kiswahili chake alikiokota kwa marehemu mumewe aliyekuwa askari, na alikisema bila woga. Shule alinipeleka kweli, sitaficha hilo. Mahindi ya nyuma ya jiko lake yalipokomaa alichoma mawili, akanipa moja la kwangu.

"Tangulia wewe, Kaaka," nikamwambia. "Tumbo langu haliwezi."

"Tumbo yako nakula posho, nakula maharagwe, nakula matoke. Mahindi tu ndiyo nakataa?"

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, mimi na yeye. Kama ni mtu kufa, nilijua ni nani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, na akilini nilikuwa tayari natafuta begi langu. Alisikiliza huku akigeuza mahindi. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Sisi Banyankore zamani, mwanamke hapana kula kuku," alisema. "Walisema akikula, mtoto yake nakufa. Siku mimi naokoka, wanawake tulichinja jogoo, tukakula mbele ya watu yote. Bwana yangu alikasirika wiki nzima. Na mimi iko hapa."

"Na kama ni kweli, Kaaka?"

"Kama ni kweli, basi Yesu alikufa ya bure. Kula, inapoa."

Nilikula nikimkodolea macho. Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nilisikiliza kwanza kikohozi chake. Msimu ukaisha, mtama ukavunwa, na Kaaka akaendelea kuwatukana kuku. Sijui ni siku gani hasa hofu iliondoka, ila najua asubuhi moja niliamka nikasahau kusikiliza, na nilipokumbuka nikapiga magoti pale pale na kumshukuru Mungu kwa sauti, mimi niliyezoea kuomba kwa kunong'ona.

Aibu ilichelewa zaidi. Kaaka alikuwa mlokole wa zamani, na kila Ijumaa alasiri wenzake walikutana sebuleni kwake, kila mmoja akisimama kuweka dhambi yake nuruni. Mara ya kwanza nilijificha jikoni. Nilikuwa na hakika atanitaja. Walipoondoka nilimuuliza kama aliwaambia habari yangu, akanishangaa.

"Mtu anasema yake," alijibu. "Ya mwingine anaachia mwenyewe."

Ilinichukua miaka miwili kusimama. Nilipomaliza kusema, waliimba ubeti mmoja, na mzee mmoja akauliza kama chai iko tayari. Hiyo tu. Nilikaa chini, nikajua kwamba Mungu aliyaona meno yangu yakiwa bado ndani ya ufizi, na hakusogea.

Nilirudi Nakivale nikiwa na miaka ishirini na miwili, Jumapili ya malimbuko, mikungu ya ndizi na vikapu vya mahindi vikiwa vimepangwa mbele ya kanisa. Niliomba nafasi ya ushuhuda. Nikasema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, yale Mama Eliza aliyonisemea nikiwa mtoto: kwamba mimi ni kigego, kwamba nilikula, kwamba niliogopa, na kwamba Yesu aliniondolea woga ule. Mama Eliza, kichwa chote mvi, alipiga makofi kuliko watu wote. Amani alikuwa katika kwaya, mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi, tayari amempita mama urefu. Mama alikuwa kwenye benchi la wanawake akitazama viganja vyake.

Baada ya ibada alinifuata nje. Alinipangusa vumbi begani, akaniuliza habari za Kaaka. Nilijua anataka kusema jambo, na msamaha nilikuwa nao tayari, nimeufua na kuupiga pasi tangu Mbarara.

"Mapendo," alisema kwa sauti ya chini. "Ile siku. Ulikula hindi lote, ao nusu?"

Miaka kumi na miwili, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu siku ile.

"Lote, mama," nikamjibu.

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akaniacha, akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa Amani, akanyoosha mkono na kumgusa paji la uso, kusikiliza kama lina joto.

Nilimtazama mama yangu na nikaelewa kwamba aibu ile haikuwa yangu hata siku moja. Ilikuwa yake, alivuka nayo mpaka, na ilipomzidi uzito akanitwisha mimi. Mama Eliza nilimsamehe bila kazi kubwa, kwa kuwa hakunizaa. Hofu yangu Mungu aliimaliza Ruti. Ila kuhusu mama bado namwomba Mungu, siku nyingine naomba nikiwa na hasira, na naamini ombi hilo nalo linasikika.